Kitenge Chini ya Shati

Ndugu zangu, mniruhusu nisome. Nikiwatazama machoni maneno yananikimbia, na leo sitaki yakimbie, maana nina hasira.

Mdogo wangu mnamjua. Shingo haimsimami, mgongo haumshiki, na kula ni mpaka alishwe. Alipokuwa mchanga ofisi ya misaada ya Mbarara ilitupa fungu la walemavu: maziwa, sabuni, na nauli ya kumpeleka Mbarara kunyooshwa viungo. Likatosha. Lakini mtoto anakua, fungu halikui. Mwaka ule vita vilipoisha, Mama hakuweza tena kumbeba mpaka shambani. Tukaomba tuongezewe, na kiti cha kumshikilia.

Wakatuma bwana mmoja aje hapa Juru kumwona. Jina lake silitaji.

Sasa, mnajua kwetu mgeni anapokewaje. Mama alifagia uwanja hadi njiani. Akamwogesha mtoto, akampaka samli hadi akang'aa, akamvika shati la kuazima. Kisha akamkalisha kwenye kiti cha Baba, akamfunga kifua kwa kitenge, chini ya shati, kisionekane. Kuku wetu wa mayai akachinjwa.

"Mama," nikanong'ona, "huyu anakuja kuona ugonjwa."

"Nyamaza. Mugeni haonyeshwe uchafu. Atasema sichungi mutoto."

Bwana akala. Akalamba vidole, akamtazama mdogo wangu kwa mbali. "Huyu kijana iko muzuri kabisa! Anakaa kama chifu!"

Tukacheka. Nawaambia, hata mimi nilicheka.

Jibu lilipokuja, lilisema mtoto amepata nafuu. Fungu halikuongezwa; lilikatwa. Yaani kuku alimla, macho aliyaacha nyumbani kwake!

Tukaamua kwenda kulalamika ofisini. Tukaazima baiskeli ya jirani, tukamsukuma mtoto mpaka Kaberebere, tukapanda lori la matoke. Kwenye kizuizi askari akatania, "Mama, huyo mukubwa! Ashuke atembee!" Mama akatazama pembeni.

Mbarara, mama mmoja Mwislamu muuza mchele alituita uani kwake, akatupa chai na maji ya kunawa. Mama akaanza tena. Akatoa shati. Akatoa chupa ya samli, jamani! Nikaikamata.

"Hapana, Mama."

"Unataka batucheke?"

"Walishatucheka."

Yule mama wa chai akaweka kikombe chini. "Dada, msikilize binti yako. Nani anampeleka mgonjwa kwa daktari kapambwa kama bwana harusi?"

Mama akalirudisha shati kwenye kikapu.

Ofisini tukamkuta bwana yuleyule. "Si mulipata jibu? Huyu iko sawa."

Mimi, ambaye mwalimu akiniuliza natazama viatu, nilimtoa mdogo wangu mgongoni kwa Mama nikamweka mikononi mwa yule bwana. Kichwa kikaangukia nyuma.

"Mushikeni!"

"Mshike wewe, mzee. Shingo kwanza. Mama anamshika hivyo mchana kutwa."

Mate yakatiririka kwenye tai yake. Akajaribu kumkalisha kitini. Mtoto akateleza, bwana akamdaka. Akajaribu kingine. Makarani wakaacha kazi, wakatazama.

"Kumbe iko muzito," akasema taratibu.

Fungu likarudi, likaongezwa, na kiti cha mbao chenye mikanda kikaletwa kabla ya mavuno ya maharage. Ndicho kile anachokalia pale mbele. Lakini bado nina hasira, sitawadanganya. Kwa nini maneno ya Mama hayakutosha? Nani alisema mtu maskini akijisafisha, basi hana shida?

Nawashukuru jirani wa baiskeli na yule mama wa mchele. Namshukuru Mama, aliyeninunia njia nzima ya kurudi, halafu tulipofika akaniambia, "Ulifanya muzuri."

Na nyinyi wenye watoto kama wetu: mgeni akija kumkagua, mpikieni kuku mkipenda. Lakini kabla hajanawa mikono ya kula, mpeni mtoto ambebe.