Mkwe wa Bakili na Hoteli Ukarimu

Benchi ni langu. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wa Mtaa wa Narung'ombe wamelizoea mpaka wanadhani liliota hapo lenyewe. Ni ubao mmoja mrefu wa mninga, umeegemea kibanda changu cha vipuri vya majiko na taa, na mguu wake mmoja nimeuwekea kigae usiyumbe. Ikifika alasiri Awadhi anakuja na birika lake la kahawa, anagonga vikombe, na wenyewe wanajaa. Yuko Mzee Mrisho, dobi, ambaye tunamwita Mzee Shuka. Yuko Filbert, tarishi wa ofisi moja ya mjini, ambaye tangu atumwe ghorofa ya sita hana hadithi nyingine, na sisi tukamwita Ghorofa. Yuko Severine wa teksi. Siku hiyo aliyekuja na shida alikuwa Bakili, fundi cherehani wa baraza ya pili kutoka kwangu, kijana wa Newala, mpole. Mkewe, Sofia, alikuwa amejifungua wiki iliyopita, na mama yake alikuwa njiani kutoka Kusini kuja kumlea mzazi na mtoto. Basi lake tulilitegemea jioni.

— Hoteli Ukarimu ikoje? aliuliza Bakili, hata kikombe hajapokea.

— Ikoje kwa nani? akasema Awadhi. Wewe umeanza lini kulala hotelini?

— Si mimi. Mkwe wangu, Bi Mboni. Nataka nimlaze pale.

Severine akaacha kutafuna kashata.

— Mama anatoka Newala mpaka Dar kuja kulala hotelini?

— Sasa alale wapi? Nina chumba kimoja, kitanda kimoja, pazia moja. Mimi na mkwe wangu tutenganishwe na pazia? Sisi kwetu hata benchi hatukai pamoja.

Hapo hakuna aliyebisha. Kwa watu wa kwao mkwe ni jambo zito. Bakili hamtazami mama huyo usoni, na akiwa na neno analipitisha kwa mtu, hata kama mama mwenyewe yuko palepale anasikia.

— Halafu kuna lingine, alisema. Siku ya ndoa alitamka mbele ya watu: nikikuta mwanangu anaishi kwa tabu, narudi naye nyumbani. Akikiona kile chumba, anaondoka na Sofia na mtoto. Lakini akilala Ukarimu, ghorofani, atajua mwanawe hakuolewa na mtu wa hivihivi.

Akafikicha macho kwa kiganja. Sote tukageukia kahawa, maana mwanamume akikaribia kulia hakuna ajuaye pa kuweka macho.

— Basi umefika mahali pake, alisema Ghorofa. Mimi nimeingia mle. Bosi alisahau miwani chumbani kwa mgeni wake, nikatumwa. Ghorofa ya sita.

— Tunajua ni ya sita, nikamwambia.

— Zulia, ndugu zangu. Mguu unazama. Nilivua viatu mlangoni, mhudumu akaniambia vaa. Nikavaa. Alipogeuka nikavua tena.

— Zulia siyo hoteli, alisema Mzee Shuka. Hoteli ni mashuka, na mashuka yote ya Ukarimu yanapita mikononi mwangu. Hata sasa ninayo, yameshafuliwa.

Akapigapiga furushi lake kubwa la nguo lililokuwa miguuni pake.

— Haya, yanasemaje? aliuliza Bakili.

— Mtu aliyelala vizuri anakunja shuka hapa katikati tu. Aliyekosa usingizi analikunja pembe zote nne.

— Ya Ukarimu yamekunjwa wapi?

— Pembe zote nne. Mengine huja na nta ya mshumaa.

— Hiyo nta naijua mimi, alisema Severine. Pale balbu unapewa mapokezi, pamoja na ufunguo. Ukiondoka unarudisha vyote viwili, maana zamani wageni walikuwa wanaondoka nazo. Sasa mtu akichelewa kufika, balbu zimekwisha, anapewa mshumaa. Abiria wangu mmoja tulifika naye mpaka uwanja wa ndege, akapapasa mfuko wa koti, akakuta balbu. Tukageuza gari.

— Lakini ilikuwa inawaka, alisema Ghorofa.

— Mfukoni?

— Nasema chumbani. Halafu kuna bafu na choo humohumo ndani, bafu lina bomba mbili, ya maji ya moto na ya maji baridi.

— Maji yanatoka? aliuliza Bakili.

— Siku ile hayakutoka. Lakini zinang'aa, unajiona uso.

Bakili akashusha pumzi. Severine akamwonea huruma, na huruma ya Severine siku zote huharibu zaidi.

— Maji yapo, ndugu yangu. Ila yanapanda juu akija mkubwa kutoka wizarani. Wengine wanaletewa ndoo kwa lifti.

— Afadhali lifti ipo.

— Ipo. Inapanda vizuri sana. Kushuka unashuka kwa ngazi.

— Kwa nini? aliuliza Awadhi.

— Kipuri kimeagizwa nje.

Tukatikisa vichwa. Mwaka ule ukisema kipuri kimeagizwa nje, mazungumzo yameishia hapo. Mimi mwenyewe nilikuwa na tambi za majiko ya mafuta zilizoagizwa nje tangu mtoto wangu wa kwanza hajaanza shule.

— Na simu ipo, aliendelea Ghorofa. Karibu na kitanda. Ukiinyanyua tu, mtu anajibu palepale: unataka nini?

— Na kama hutaki kitu?

— Ndiyo taabu yenyewe. Ukishainyanyua ni lazima utake. Yule mgeni wa bosi aliinyanyua kuipangusa vumbi, akaletewa chai. Akaona haya, akainyanyua kuwaambia hakuagiza, wakaleta nyingine. Nilimkuta na chai tatu anazitazama.

— Mimi kinachonitisha ni ile mashine ya upepo, alisema Severine. Inatoa baridi ya Ulaya moja kwa moja. Nilimbeba bwana mmoja wa Tabora, aliingia Ukarimu mzima, akatoka shingo imegeukia kushoto. Njia nzima mpaka stesheni alikuwa anaongea na dirisha.

— Na hicho choo, alisema Mzee Shuka, umesema kimo ndani kwa ndani?

— Ndani kabisa. Mlango mmoja tu.

— Bi Mboni, mama wa watu, alale na choo kama wapangaji wawili?

— Ndiyo mtindo wa kisasa, mzee.

— Ya kisasa mimi nayafua. Nayajua.

Awadhi alikuwa akimimina bila kusema. Sasa akauliza jambo lililomhusu.

— Kahawa yao?

— Ya kopo, alisema Ghorofa. Unga. Wanakoroga.

Awadhi akalitua birika.

— Basi mimi hoteli hiyo nimemaliza kuikagua.

— Kahawa siyo hoja, akasema Severine. Hoja ni mayai ya asubuhi. Yai la mgeni kutoka nje linakuja na kiini. La mwananchi kiini kimeshatolewa, kimekwenda kwenye keki. Unaletewa weupe mtupu, umekaangwa, umefunikwa na nyanya usijue.

— Hayo umeyaona?

— Kuna mpishi nilimbeba.

— Severine, kila mtu umembeba, nikamwambia.

Bakili hakucheka. Alikuwa amekunja mikono, kidole chake cha kusukumia sindano bado kina kofia ya chuma.

— Nataka mniambie jambo moja, alisema. Ni pazuri au si pazuri?

Tukatazamana. Ghorofa akasema ni pazuri ila maji. Mzee Shuka akasema si pazuri ila shuka ni safi. Severine akasema inategemea na mtu mwenyewe, shingo yake ikoje. Tukarudi kwenye zulia, tukarudi kwenye lifti, na jua likashuka nyuma ya mapaa ya bati bila mtu kukumbuka stendi.

— Tuliache, alisema Bakili mwishowe. Nimeshadunduliza, chumba nitachukua. Severine, twende tukampokee.

— Basi la Kusini limewahi lini kufika? Kunywa kahawa yako.

— Asalaam alaykum, ilisema sauti nyuma yetu.

Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, kanga moja begani na nyingine kichwani, miguu myekundu kwa vumbi. Tukaitikia. Ghorofa na Severine wakamwamkia shikamoo, naye akasema marahaba huku macho yakipita mmoja mmoja kwenye benchi.

Bakili hakuwapo tena kwenye benchi. Alikuwa amesimama nyuma ya Awadhi, anatazama vidole vyake vya miguu. Hatukuhitaji kuambiwa ni nani.

Bi Mboni akakaa pale alipotoka Bakili.

— Basi limefika mchana, alisema. Nimesubiri mtu pale stendi, sikumwona. Nikauliza njia.

Basi la Kusini kuwahi. Severine akarudi kwenye kashata yake.

— Mzee, alisema Bakili kwa sauti ndogo, akimwambia Mzee Shuka, mwambie mama namwomba radhi sana.

— Anaomba radhi, mama, alisema Mzee Shuka.

— Mwambieni nimesamehe. Nyumbani nimeshafika. Nimemwona mwanangu, mjukuu nimempakata. Sofia ananiambia mumewe yuko kijiweni, ananitafutia hoteli. Nikasema hilo nije nilisikie mwenyewe. Hoteli gani?

Hapo ndipo nilipotupenda sisi watu wa benchi. Yote tuliyoyaponda saa nzima tuliyasifu kwa ajili ya yule kijana, bila kukonyezana.

— Ukarimu, mama, alisema Ghorofa. Zulia mguu unazama. Bomba mbili, zinang'aa.

— Upepo wake wa baridi, alisema Severine. Mtu anatoka mle kageuka kabisa.

— Mashuka meupe, alisema Mzee Shuka. Nafua mwenyewe.

Mama alisikiliza kwa adabu, mikono magotini.

— Mtoto akilia usiku, nani ataniita?

— Kuna simu, mama, alisema Ghorofa. Karibu na kitanda.

— Chumbani kwa Sofia nayo iko?

Ghorofa akatazama pembeni.

— Maji ya kumkandia mzazi nitayachemshia wapi? Kwenye zulia?

Tuliikagua hoteli ile kuanzia balbu mpaka kiini cha yai, na hatukumkagua mgeni amefuata nini mjini. Nilijisikia mjinga, na nilifurahi kwamba sikuwa peke yangu.

Ndipo Bakili akaongea mwenyewe, bila kumpitia mtu.

— Mama, chumba ni kidogo. Niliogopa utawachukua.

Akaziba mdomo kwa kiganja. Bi Mboni hakumgeukia, akamwachia heshima yake. Alimtazama Mzee Shuka tu.

— Mwambieni chumba nimekiona. Nimekuta pipa limejaa maji. Nimekuta mkaa. Nimekuta nepi zimeshonwa pindo mara mbili, zisimkwaruze mtoto. Mwanamume wa hivyo simwondolei mke. Mimi nalala na mwanangu mpaka arobaini iishe, kitanda kinatutosha.

Mzee Shuka akageuka amwambie Bakili, akaona Bakili anafuta macho kwa kipande cha kitambaa cha kazini; ujumbe ulikuwa umeshafika.

— Kahawa, mama, alisema Awadhi. Kikombe hiki ndicho cha mwisho.

Alikunywa polepole, akarudisha kikombe, akainuka. Kisha akatugeukia.

— Ila ninyi mnanishangaza. Watu wazima na ndevu zenu, mnahangaika mimi nilale wapi. Wake zenu walipojifungua, mama zao wakaja, ninyi mlilala wapi?

Mzee Shuka alitazama birika. Ghorofa alitazama barabarani. Mimi niliutazama ubao niliokalia. Mke wangu Angelina alipomzaa wa kwanza wetu, mama yake alikaa arobaini nzima, na mninga huu naujua kwa mbavu zangu. Mzee Shuka anaujua, Ghorofa anaujua. Severine alijidai kulala kwenye teksi, lakini baada ya siku chache alikuja na mto wake, maana teksi haina pa kunyoosha miguu. Hatujawahi kuyasema hayo, hata sisi kwa sisi.

Mama alingoja kidogo, akaona ameshajibiwa, akaenda zake kwa mwanawe.

Bakili akatoka nyuma ya Awadhi. Alitutazama, akalitazama benchi.

— Ukigeuka, geukia ukutani, nikamwambia. Kigae cha mguu huu kinateleza.

— Kichwa weka upande wa cherehani yako, alisema Ghorofa. Upande ule kuna mbu wa mtaro.

— Mto ninao garini, alisema Severine.

Mzee Shuka akainama, akafungua furushi lake. Akatoa shuka moja jeupe, limepigwa pasi, jina la Ukarimu limedariziwa pembeni kwa uzi wa buluu. Akalitandika juu ya ubao taratibu, akachomekea pembe zote nne kama wanavyofanya wao.

— Kesho nitalifua tena, alisema.

Bakili akakaa juu yake kwa uangalifu, akapapasa lile darizi kwa jicho la fundi.

— Na asubuhi? aliuliza. Nisije nikachelewa kuwapelekea maji.

Awadhi alikuwa anafuta vikombe, anavipanga.

— Alfajiri nitapita nikigonga vikombe, alisema. Utaamka. Na si lazima utake kitu.