Fundi na Kitambaa cha Bibi Arusi

Kwenye basi, mbele yangu, fundi cherehani mmoja alikumbatia mfuko huku akitabasamu peke yake, hata mama muuza mboga aliyekaa naye akashindwa kuvumilia. "Mzee wangu, umepata mjukuu nini?"

"Nimezaliwa mimi, mama. Nimebatizwa Jumapili." Mvi zake zilikuwa na ushahidi mwingine, lakini sikuulizwa.

"Hongera! Na huo mfuko?"

Akatoa kitambaa cheupe, mita nzima. Kilikuwa cha bibi arusi mmoja. Alikiiba wakati wa kukata, na gauni lilipombana binti wa watu, akamwambia amenenepa. "Akashinda njaa wiki nzima, mama. Leo naenda kumwambia ukweli."

"Mumewe anafanya kazi gani?"

"Anapasua mawe."

Mama akapiga makofi kwa furaha ambayo haikuwa ya Kikristo sana. "Utakoma! Si ungenyamaza tu? Mungu ameshakusamehe."

"Amenisamehe, ndiyo maana sinyamazi. Yule fundi mwongo amekufa. Sasa Kristo anaishi ndani yangu, nami ndani yake. Nitaishije naye huku nimeficha kitambaa cha wizi kabatini?"

"Basi mwache huyo Kristo wako atangulie kushuka, akaione mikono ya mpasua mawe."

Basi likasimama. Fundi akainuka, mfuko kifuani, uso unang'aa.

"Hatutangulizani, mama," akasema. "Tunashuka pamoja."