Mjomba Kipara Anasikika Nyuma Yako

Antena: Haloo? Ni nani?

Rimoti: Haloo? Haloo, dada—

Antena: Nani mwenzangu? Namba hii siijui, na sauti inakatikakatika.

Rimoti: Ni mimi, Rimoti. Simu yangu imezima, hii ni ya wifi yako. Shikamoo.

Antena: Marahaba! Afadhali umepiga. Umeniweka roho juu tangu alfajiri. Umefika wapi?

Rimoti: Hujambo lakini? Baba anaendeleaje?

Antena: Nimekuuliza umefika wapi, mdogo wangu. Salamu utanipa ukifika.

Rimoti: Niko… (mkwaruzo) …hapa njiani. Mtandao unasumbua.

Antena: Njiani na simu ya mkeo? Yeye kabaki na nini?

Rimoti: Kaniazima. Si unajua mambo ya safari.

Antena: Haya. Sasa sikiliza, gari la karakana la kunipeleka kazini limeshafika. Liko mlangoni hapa, injini inanguruma, na dereva ana haraka utadhani anafukuzwa. Wenzangu wote wameshakaa. Imebaki siti yangu tu.

Rimoti: Limeshafika? Si walisema mchana?

Antena: Walisema mchana, wamekuja asubuhi. Nikamwambia dereva, mdogo wangu anaingia sasa hivi, nikishamkabidhi mzee napanda. Baba nimemwogesha, shuka nimebadilisha, dawa zake nimezipanga dirishani, za asubuhi kushoto, za jioni kulia. Wewe njoo tu uendelee nilipoishia.

Rimoti: Ndiyo, ndiyo. Sasa dada, sikia—

Antena: Nasikia.

Rimoti: Hivi hiyo kazi yako, ukiwaomba wakusogezee mbele kidogo, haiwezekani?

Antena: Kusogeza nini? Mafundi wote wa huku wanaitolea macho! Msimamizi wa meza ya kukata, karakana ya sare za shule, mimi! Mimi niliyezeeka hapa kibarazani nikipunguza suruali za watu, sikio moja kwenye cherehani, sikio jingine kwa baba. Na chumba wananipa, Rimoti. Chumba chenye mlango, na ufunguo nakaa nao mwenyewe. Usianze.

Rimoti: Sijaanza. Nauliza tu.

(honi)

Antena: Umesikia? Ndiye huyo. — Nakuja, kaka! Kidogo tu! — Haya, niambie kitu cha kueleweka. Daraja mmelipita?

Rimoti: Daraja… tumelipita. Nadhani tumelipita, nilisinzia.

Antena: Na hao watoto wanaopiga kelele?

Rimoti: Basi limejaa watoto, we acha tu.

Antena: Hebu nyamaza kidogo.

Rimoti: Kuna nini?

Antena: Nyamaza, nimesema. (anasikiliza) Huo wimbo nyuma yako.

Rimoti: Redio ya dereva hiyo.

Antena: Filimbi, halafu ngoma, halafu mtu anakohoa kama amekabwa na karanga… Rimoti. Huyo ni Mjomba Kipara.

Rimoti: Hapana, ni—

Antena: Usinibishie! Wimbo ule hata uniamshe usingizini nitakuambia. Kila Jumamosi asubuhi, utoto wetu wote. Redio gani inampiga Mjomba Kipara leo? Uko nyumbani kwako. Umekaa kwenye kochi na wanao, mnaangalia televisheni. Haloo?

Rimoti: Nipo.

Antena: Najua upo. Ndiyo shida yenyewe.

Rimoti: Dada, kuna mtu kaviweka mtandaoni. Vile vipindi vyetu vyote vya wikiendi. Wanangu wamevigandia, katuni zao za siku hizi hawazitaki tena. Nilipoiona ile picha ya kijivu mwili ulinisisimka. Nikauona mkeka wetu, nikamwona baba na singlendi yake, watoto wa mtaa mzima wamepanga foleni bombani, wananawa miguu ndiyo waruhusiwe kuingia sebuleni—

Antena: Rimoti.

Rimoti: —na mimi mdogo wa wote, nimekaa chini ya televisheni. Baba akisema ongeza, naongeza. Akisema punguza, napunguza. Ndiyo nikaitwa Rimoti. Na wewe—

Antena: Na mimi nje.

Rimoti: Na wewe Antena! (anacheka) Jamani, hakuna aliyeiweza nguzo ile ya antena kama wewe. Akishika mwingine, chenga tupu. Ukishika wewe, picha inatulia tuli. Baba akawa anasema mawimbi yanakupenda.

Antena: Alinidanganya, na mimi mjinga nikafurahi. Nasimama juani na lile lichuma, nikijikuna shingo tu, nyumba nzima inalipuka: "Hapo hapo! Usitikisike!"

Rimoti: Zilikuwa raha zile.

Antena: Raha za nani?

Rimoti: Zetu sote. Hebu subiri, anatokea sasa hivi. Hii sehemu utaikumbuka, anapotoa kichwa kwenye gamba—

Antena: Anatoa nini?

Rimoti: Kichwa. Kwenye gamba lake.

Antena: Gamba la nini?

Rimoti: La kobe, dada. Si Mjomba Kipara huyo!

Antena: Mjomba Kipara ni kobe?

Rimoti: Unanitania.

Antena: Sikutanii. Mjomba Kipara ni mtu. Mzee mmoja hivi, kipara kinang'aa, ana ndevu nyeupe na koti refu. Kwangu amekuwa hivyo siku zote.

Rimoti: Koti gani? Ni kobe wa kitambaa! Mtu kamvaa mkononi kama glavu. Tena kashonwa ovyo, mshono wa shingo unaonekana, wewe ungemfumua ukaanza upya.

Antena: Wa kitambaa…

Rimoti: Dada… ina maana hukuwahi kumwona?

Antena: Ningemwona saa ngapi? Pazia mlilifunga, eti mwanga unaharibu picha. Nilikuwa nasikia. Mnacheka ndani, na mimi nacheka huko nje nyuma yenu, sijui nachekea nini.

Rimoti: Hukusema.

Antena: Hukuuliza. Hakuna aliyetoka hata mmoja akaniambia, lete nikupokee, na wewe ukachungulie.

(honi ndefu)

Rimoti: Nikutumie kwenye simu? Utaangalia—

Antena: Sitaki kobe wako! Nataka kuondoka. Nimechoka, Rimoti, nimechoka mpaka kwenye mifupa. Jibu moja tu, bila kunizungusha. Unakuja, huji?

Rimoti: Stendi nilikwenda. Haki ya Mungu nilikwenda. Tiketi hii hapa mfukoni. Basi likaja, watu wakapanda, kondakta ananiita, "Wewe wa begi, vipi?" Miguu ikakataa.

Antena: Ikakataa nini?

Rimoti: Mara ya mwisho nilipokuja… ulipoenda dukani ukaniacha naye. Alitaka kuniita, dada. Mdomo umepinda kwa kile kiharusi, anahangaika na jina langu, linamshinda, machozi yanamtoka. Baba yule yule wa ongeza, punguza! Halafu uliporudi ukaniambia nimshike miguu umsafishe. Kumvua nguo baba yangu mzazi, siwezi. Nimejaribu kujikaza, siwezi. Nikageuza nikarudi. Begi liko mgongoni mpaka saa hizi, wanangu wananishangaa.

Antena: Unadhani mimi niliweza? Siku ya kwanza nilitoka nje nikatapika. Nikasukutua mdomo nikarudi chumbani, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kurudi. Mimi ni binti yake, Rimoti. Kama ni aibu, ya kwangu imezidi ya kwako!

Rimoti: Wewe una moyo wa peke yako, kila mtu ana—

Antena: Sina moyo wowote! Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilisimamishwa nikasimama, basi mkaona ndivyo nilivyoumbwa. Nikitaka kusogea tu, kelele.

Rimoti: Na jirani yako? Yule mama wa vifungo, hawezi kukushikia hata kwa muda?

Antena: Mama Vifungo ndiye aliyenibebea begi mpaka garini, yuko hapa nje. Kumlisha angemlisha, kumpa dawa angempa. Kumgeuza hawezi, mgongo wake mbovu, akiinama tu kilio. Na baba asipogeuzwa anachubuka. Vidonda vikianza kwa mzee kama yule, ndiyo basi tena.

Rimoti: Na baba mwenyewe anasemaje? Labda angependa ubaki.

Antena: Baba? (anacheka kidogo) Baba ndiye anayenifukuza. Begi nililiweka karibu na kitanda chake, nikamwambia, baba, isiwe nimeamua peke yangu, na wewe niambie kama niende. Akanyoosha ule mguu mzima, akalisukuma. Likaenda kidogo. Akalisukuma tena. Jasho linamtiririka, hapumziki, mpaka likagota mlangoni. Halafu akanitazama hivi. Rimoti, sijawahi kutazamwa hivyo na baba. Unalia?

Rimoti: Hapana.

(honi, mara nyingi)

Antena: — Kaka, nisubiri, ndiyo naongea naye! Nini? Hapana, usi— (mkwaruzo) Rimoti, dereva anasema akichelewa anayefukuzwa ni yeye. Anataka jibu. Sikia, nimepata wazo. Huwezi leo, sawa. Njoo kesho. Mama Vifungo atalala naye leo, usiku mmoja hawezi kuchubuka. Kesho tu. Wewe niambie unakuja kesho, mimi napanda.

Rimoti: Dada—

Antena: Sema kesho.

Rimoti: Nikisema kesho, utaondoka.

Antena: Ndiyo!

Rimoti: Na nisipokuja? Ndiyo maana siwezi kusema. Ningekuwa najiamini ningesema. Najijua, dada. Nitafika pale stendi, miguu itagoma tena, na baba atakuwa peke yake na mtu asiyeweza kumgeuza.

Antena: Afadhali umesema kweli. Leo angalau umesema kweli.

Rimoti: Nisamehe.

Antena: Subiri. — Kaka! Nipe begi langu. Ndiyo, lishushe. Na siti usiipeleke tupu, mchukue huyu mama hapa. Huyu, huyu! Anashona kuliko mimi. Kushona anakaa kwenye kiti, mgongo haumsumbui. — Mama Vifungo, panda. Panda, nimekuambia! Usinitazame hivyo, utaniliza. Waambie wewe ndiye mimi mpaka wajue wenyewe. Nguo zako nitakutumia.

Rimoti: Dada, unafanya nini?

Antena: Si unasikia.

Rimoti: Mwambie dereva angoje, niongee na mke wangu, labda yeye—

Antena: Ameshapanda. Kapanda na kandambili za kuogea, maskini, hata mkoba hana.

Rimoti: Gari liko wapi sasa?

Antena: Linapinda kona… Limepinda.

Rimoti: Nitajikaza, dada. Mwezi ujao, nipe mwezi ujao—

Antena: Usiahidi kitu. Tafadhali sana.

Rimoti: Salio linaisha, simu inalia hapa. Dada, niambie hata neno moja. Nitukane.

Antena: Shh.

Rimoti: Nini hicho kinagonga?

Antena: Baba. Anagonga ubao wa kitanda kwa mkono ule mzima, ndivyo anavyoongea siku hizi. Akigonga mara moja anataka maji. Mara mbili, nimgeuze.

Rimoti: Mbona anagonga bila kuacha? Anataka nini?

Antena: Amesikia gari likiondoka, Rimoti. Na sauti yangu bado anaisikia hapa mlangoni.

Rimoti: Mwambie ni mimi. Mwambie kosa ni la—

Antena: Baba, acha! Utajiumiza! Acha, baba, mkono unatoka damu! Nipo. Nipo hapa, siendi popote—

Rimoti: Dada? Haloo? Da—