Bibi Zimamoto na Mpini wa Pili

Jirani yetu mshona nguo, ambaye ukuta wa nyumba yake umepakana na kituo cha zimamoto, aliwahi kuwaambia watu kisimani kwamba marehemu anafuga watu wasioonekana. "Kila Jumamosi alasiri nawasikia," alisema. "Anawaita mmoja mmoja, anawakaripia, halafu vyuma vinalia. Ukisubiri mlangoni hatoki mtu ila yeye." Maneno hayo yalizunguka kijiji kizima, na wapo watoto waliokuwa wakipita pale mbio huku wameziba masikio. Asubuhi hii nilimwomba jirani ruhusa niyaseme mbele yenu. Akajibu, "Yaseme tu, mama. Mdomo ulioyaanzisha ni huu huu." Basi nayasema, kwa sababu maisha ya mama mkwe wangu hayawezi kuelezwa mtu akaruka hapo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1958 hapa hapa kijijini, katika nyumba ya mwisho kabla ya kiwanda cha mbao. Baba yake alikuwa mnoa misumeno wa kiwanda hicho. Dada zake wawili waliomtangulia walifariki wakiwa wadogo, na aliyemfuata ni mjomba wetu fundi saa, aliyekaa hapo mbele. Marehemu alisema kwamba kwao hata chai ilinukia mbao, na kwamba alikuwa msichana mkubwa ndipo akagundua watu wengine hawakung'uti shuka kabla ya kulala.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Alikuwa na sauti ambayo mwalimu hakujua aifanyie nini. Wakati wa kuimba alimsimamisha nyuma kabisa, karibu na dirisha, ili wenzake nao wasikike. Alifaulu kwenda mjini kusoma zaidi lakini hakwenda. Mama yake alikuwa amelala na maradhi ya mgongo, na nyumbani hapakuwa na mtu mwingine wa kumgeuza kitandani. Hakuwahi kulisema jambo hilo kwa uchungu. Ila nilikuwa naona, kila basi la wanafunzi lilipopita barabarani, alikuwa akisimamisha kazi mpaka lipotee.

Alianza kazi kiwandani mwaka 1975, akipanga mbao. Mwezi wa Agosti 1978 vumbi la mbao lilishika moto, ukala ghala na nyumba zote za upande wa kushoto wa barabara. Gari la zimamoto lilitoka mjini. Lilipofika, watu walikuwa wameshaanza kufagia majivu. Wale wazima moto walishuka, wakapewa pole ya safari, wakaomba maji ya kunywa, wakageuza gari. Tangu siku hiyo wanakijiji walisema hawatamsubiri mtu tena. Meneja wa kiwanda akawapa pampu kuukuu ya mikono, wahunzi wakaifunga juu ya mkokoteni, na wenye nguvu wakajenga banda la mabati lenye milango myekundu. Kituo kilifunguliwa Jumamosi, tarehe 3 Februari 1979. Hakuna aliyelipwa. Kila aliyejitolea alipigiwa msumari wake ukutani wa kutundikia kofia.

Kwa wasioifahamu pampu ile, ina mipini miwili mirefu, mmoja kila upande. Watu wa upande huu wakishusha, wa upande ule wanapanda, kama bembea ya watoto. Wakipishana vizuri maji yanatoka kwa nguvu. Wakikosea, inakohoa tu. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuita, na ndipo sauti ya marehemu ilipopata kazi. Wanaume walinung'unika kidogo kuamrishwa na msichana. Mwenzao mmoja tuliyemwita Kinyozi, kwa kazi yake, ndiye aliyewanyamazisha. Aliwaambia, "Nani kati yenu anasikika mpaka mtoni? Basi. Shikeni mipini."

Mkuu wa kwanza wa kituo alikuwa kijana mpasua magogo. Siku moja ya mazoezi mpira wa maji ulimponyoka, ukamlowanisha marehemu kuanzia kichwani mpaka viatuni, mbele ya watu wote. Jioni kijana akaenda kwa mzee mnoa misumeno na taulo mpya mkononi, akasema amekuja kuomba radhi. Mzee akamtazama, akamwuliza, "Taulo ya saa hizi ya nini? Si ameshakauka?" Kijana hakuwa na jibu, lakini aliendelea kuja kila jioni kulitafuta. Walifunga ndoa tarehe 12 Septemba 1981. Walijaliwa watoto wawili, wifi yangu mkubwa na mume wangu.

Mwaka 2004 kiwanda kilifungwa. Baba mkwe, kama wengi, alikwenda mbali kutafuta magogo mengine ya kupasua, na mwaka 2008 alifariki huko huko na kuzikwa na watu ambao marehemu hakupata kuwaona sura. Marehemu aliletewa mkoba wa nguo za mumewe na dereva wa lori. Aliufungua, akazifua zote, akazianika, akazipiga pasi, na baada ya hapo hakujua azipeleke wapi. Zimo kabatini mpaka leo, zimekunjwa vizuri.

Na kituo nacho kikaanza kupungua. Hakuna siku kilipofungwa. Mmoja alihamia kwa mwanawe, mwingine akaumwa goti, mwingine akasema wiki ijayo. Wakabaki marehemu, Kinyozi na mwenzao aliyeitwa Mrefu. Kinyozi akaenda mjini kwenye wateja. Mrefu akafariki. Lakini kila mwaka, mvua zikiisha, marehemu alipanda ngazi akaipaka milango rangi nyekundu, na kila Jumamosi aliifungua kidogo. Sisi tuliopita barabarani tuliona milango inang'aa, tukasikia amri na vyuma, tukaenda zetu tumeridhika. Ukiacha jirani na wale watoto, kila mtu alidhani wapo.

Mimi niliolewa hapa mwaka 2020. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, na mnajua wenyewe, hupaona nyumbani kwa vipande. Kwa hiyo tulikuwa wawili, mama na mimi, halafu mtoto akaongezeka. Alasiri moja ya Februari 2021 nilimfuata bandani kumwambia chakula kiko tayari. Nilimkuta amevaa kofia yake. Aliita, "Mrefu, shusha," akaukandamiza mpini wa kushoto mwenyewe. Kisha akazunguka pampu yote kwa nyuma, taratibu, akashika mpini wa kulia, akaita, "Kinyozi, shusha. Umelala?" Akarudi tena kushoto. Maji yalikuwa yakitoka kwenye mpira kidogo kidogo, kama mtu anayetema.

Nilimwuliza, "Mama, unafanya nini?"

"Niko zamu."

"Na nani?"

"Wenzangu wamechelewa."

"Tangu lini?"

Akavua kofia, akajifuta jasho. "Kinyozi tangu alipopata kioo kikubwa mjini. Mrefu yeye amefariki, kwa hiyo wake ni ruhusa." Halafu akanitazama mimi na mtoto mgongoni. "Pampu hii ina ngozi ndani. Isipopitishwa maji inakauka, inapasuka. Mlaze mtoto kwenye kikapu cha kuwekea mpira wa maji, uje ushike huku. Usikunje mgongo hivyo, hujaja kuokota mchele."

Mtoto alilala. Tangu siku hiyo kila Jumamosi alilala kwenye kikapu kile, na akisikia vyuma vimenyamaza ndipo analia. Nilimwuliza mama kwa nini hawaambii watu kwamba yuko peke yake. Alisema, "Wakijua, nani atapata usingizi?" Nilimwamini. Ilionekana ni upendo, na nadhani ulikuwemo.

Jumanne, tarehe 7 Septemba 2021, asubuhi ya upepo mkavu, karakana ya seremala ilishika moto. Tulikokota pampu mimi na yeye. Tulipofika tulikuta kijiji kimekusanyika, na hakuna aliyejisogeza, maana wote walikuwa wanatazama nyuma yetu. Seremala alitukimbilia. Akauliza, "Shangazi, wako wapi wenzako?"

Mama akaninyooshea kidole. "Ni huyu."

"Na wengine?"

"Hakuna wengine. Shikeni mipini."

Walishika, tena kwa mioyo yao yote. Lakini hakuna aliyejua zamu. Kushoto walishusha kwa nguvu na kulia wakashusha kwa nguvu wakati huo huo, mipini ikasimama katikati kama watu wawili wanaopishana kwenye mlango mwembamba kila mmoja akimwambia mwenzake pita. Mama alijaribu kuita, moshi ukamkaba, akaanza kukohoa asiache. Ndipo nikasikia sauti nyingine nyuma yangu. "Kushoto shusha. Kulia shusha. Kushoto, umelala?" Alikuwa jirani mshona nguo. Alikuwa ameyasikia kupitia ukutani miaka yote ile, akiwa kwenye cherehani yake, akiogopa, na yalikuwa yamemkaa kichwani kuliko alivyojua. Watu wakaifuata sauti yake, na maji yakatoka.

Nyumba za jirani zilipona. Karakana haikupona. Paa lilikuwa limeshaanguka kabla hatujaipata zamu, likaenda na mbao zote na vifaa alivyoachiwa seremala na baba yake. Seremala hakumlaumu mtu. Jioni mama alikwenda kwake, wakakaa kwenye kizingiti. Nilipomfuata nilimsikia akimwambia, "Ungejua uko peke yako, ungechimba kisima karibu. Mimi ndiye niliyekuambia uko na watu." Seremala akasema, "Yaishe, shangazi." Kwa mama hayakuisha.

Jumamosi iliyofuata banda lilijaa. Watu waligombea kofia, na jirani aliita zamu huku anacheka hata machozi yakamtoka. Nilimwona mama amekaa pembeni juu ya ndoo, anawatazama kama mtu anayeangalia picha za zamani. Wiki ya pili walipungua. Kisha mvua zikaja, watu wakaingia shambani, na milango ilikuwa myekundu vile vile. Kabla mwaka haujageuka tulikuwa tumebaki wawili, na jirani siku ambazo hana nguo za kushona.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 kifua kilianza kumsumbua. Zahanati walimwandikia dawa, hospitali ya mjini wakasema mapafu yamechoka na apumzike. Jumamosi alikuwa akiniambia nimwekee kiti bandani. Akaita kwa sauti ndogo, nami nikashusha kushoto, nikazunguka, nikashusha kulia. Aliponiona nazunguka aligeuza uso. Kuanzia Desemba hakuweza tena kutoka kitandani. Nilimwogesha, nilimlisha, na mtoto alimletea vifuniko vya chupa avihesabu, naye alivihesabu kila mara kama vipya. Wifi alifika mara mbili kutoka mbali. Mume wangu alipiga simu kila aliposimamisha lori, na mama kila mara alimwambia hali ni nzuri, angalia barabara. Alifariki nyumbani, Alhamisi tarehe 14 Machi 2024, alasiri, nikiwa nimemshika mkono. Dirisha lilikuwa wazi. Nje hapakuwa na kelele yoyote.

Marehemu ameacha binti mmoja na mtoto mmoja wa kiume, mkwe mmoja ambaye ni mimi, mjukuu mmoja, na mdogo wake fundi saa. Ameacha pia kituo alichokitumikia tangu siku kilipofunguliwa. Tunawashukuru jirani mshona nguo aliyekesha nasi, na seremala aliyelitengeneza jeneza hili kwa mikono yake na hakutaka kusikia habari ya malipo. Mungu ampokee mama yetu, na baada ya zamu ndefu kiasi hiki ampe pumziko la amani.

Mume wangu alitaka asome yeye. Nilimwomba aniachie, kwa sababu wiki moja kabla ya kufariki mama alinipa neno la kumalizia, na nilimwahidi kulisema kama alivyolisema. Nilikuwa namfunga kitambaa kichwani. Akanishika kiganja, akaniambia hivi:

"Nilikudanganya, mwanangu. Nilisema napaka ile milango ili watu wapate usingizi. Si kweli. Niliona haya kuomba. Niliogopa kwenda kugonga kwa mtu, nimwambie nahitaji mikono yako, naye anijibu hana nafasi. Mlango hauna jibu baya, unapakwa tu. Wewe usiwe kama mimi. Siku ya kunizika watakuwa wamesimama wote mahali pamoja, na haitatokea tena hivi karibuni. Nakuomba jambo moja. Ukimaliza kusoma usirudi kukaa. Waulize nani atashika upande wa pili, halafu unyamaze mpaka mtu ajibu."