Karafuu za Kufungua Akili

Treni ilipoondoka Usoke, Bi Mwanne, mwuza mafuta mazuri wa mjini Tabora, alimgeukia Raymundi, mkulima aliyeketi ubavuni pake. "Paka puani, baba. Mafuta ya karafuu hufungua akili. Huo mtihani wa kisomo kesho utauona mchezo."

Raymundi akapaka, akafumba macho. "Haya, a, e, i, halafu?" Bi Mwanne akamwuliza. "Pilau," akajibu. "Nimeuliza herufi!" "Nami nakwambia kinachokuja, mama. Naiona pilau ya harusi ya dada yangu, mpaka lile paja la kuku alilonidhulumu shemeji." "Basi si imefunguka?" "Imefunguka kwenye sufuria, mama, siyo kwenye daftari!"

Mkabala nao, Eustadia alizuia kicheko kwa pindo la kanga. Kwake yeye bibi yule alikuwa mwongo tu: harufu ni harufu, akili ni akili. Hata hivyo alijisogeza asipitwe na neno, na karafuu zikamjaa puani.

Treni ikasimama. "Karanga! Kaliua hapa, karanga!" Eustadia akaruka. Alipaswa kushuka Urambo, kituo walichokwisha kukiacha nyuma, na tangu azaliwe hajapata kusikiliza kitu kwa makini namna ile.