Kambale wa Kilombero kwenye Meza za Kariakoo

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani. Viongozi wa soko. Wateja wetu, mliobaki na mliotuhama: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Maimuna Ismail, katibu wa umoja wetu wa wauza kambale, nasoma risala hii kwa niaba ya wenzangu.

KARIBU

Karibu kwenye meza zetu. Utuwie radhi kwa harufu ya moshi. Ndiyo kazi yetu.

SAMAKI TUNAYEMUUZA

Kambale hana magamba, ana sharubu, na akiachwa akue anaweza kumzidi mwanafunzi wa shule ya msingi kwa urefu. Asili yake ni maji baridi ya Afrika, tangu Mto Nile hadi kusini mwa bara. Kwa kuwa anaweza kuvuta hewa, huishi hata kwenye tope ambamo samaki wengine hufa. Wa kwetu huvuliwa Mto Kilombero na kubanikwa hukohuko Ifakara, ambako wengi wetu tumezaliwa. Kwa samaki huyu tumesomesha watoto, na baadhi yetu tumejenga Mbagala.

YALIYOTUPATA

Masika iliyopita Mto Msimbazi ulifurika, na kambale mkubwa akaonekana akijiburuta mtaroni. Mpita njia akamrekodi, akasema, "Oneni wanachotulisha Kariakoo!" Video ikasambaa. Kesho yake watu walimwaga beseni la mwenzetu Candida barabarani. Candida hakugombana nao. Aliokota samaki wake mmoja mmoja, kisha akaenda kwa Bi Saadiya, mwenye mgahawa, mteja wake wa siku nyingi.

Bi Saadiya alimsimamisha mlangoni. "Candida, muda wote huu umenilisha samaki wa mtaroni?"

"Hapana, dada. Twende Ifakara ukaone anakotoka."

Wakaenda. Eliasi, kaka yake Candida, ambaye ni mvuvi, aliwapakia kwenye mtumbwi akatega nyavu mbele yao. Bi Saadiya alipomwona kambale ametolewa majini, akauliza, "Huyu na yule wa Msimbazi si samaki mmoja?"

Eliasi hakumficha. "Ni mmoja, mama. Tofauti ni maji aliyokulia."

Bi Saadiya aliporudi alianza tena kupika kambale. Baadhi ya wateja wake nao wakamkimbia, ila yeye hajaacha kununua. Lakini mnunuzi mmoja hawezi kutulisha wote. Wenzetu kadhaa wamefunga meza na kurudi kwao. Candida bado yupo; siku nyingi huondoka na mzigo alioingia nao.

MAOMBI

Tunaomba majitaka na takataka zizuiwe kuingia Mto Msimbazi, maana hata kambale wa kule hakuchagua maji yale.

Tunaomba samaki wetu wapimwe, na majibu yasomwe hapahapa sokoni, hata kama yatatuumiza.

Ombi la mwisho halimo kwenye nakala uliyopewa, Mheshimiwa. Tumekubaliana asubuhi hii. Sahani iliyo mbele yako ni kambale wa nazi, kapika Candida. Waliokuwa wateja wake wamesimama kule nyuma, wanatazama. Tunakuomba ule sasa, wakikuona.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akulinde wewe na nyumba yako, na kila aliyekuja hapa kutafuta riziki asirudi mikono mitupu.

Ni sisi,
Umoja wa Wauza Kambale,
Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo.