Nilivyotunga Tuni Bila Sauti

Bwana Yesu apewe sifa, ndugu zangu! Wazazi wetu mliokaa mbele, shikamooni.

Mimi ni binti wa mchungaji. Babu alikuwa mwinjilisti, alihubiri kwa miguu vijiji vyote vya Endasak, na baba akaifuata kazi hiyo. Mimi Mungu alinipa kutunga tuni. Mtu ananiletea maneno ya wimbo, nayaimba huku napalilia maharage, mpaka jioni sauti zote nne zimekaa mahali pake. Kwaya nyingi za Hanang na Mbulu zimeimba tuni zangu.

Kisha uvimbe ukaota shingoni. Ukakua hadi kumeza ugali ikawa shida. Nikapasuliwa, uvimbe ukatolewa, uhai ukabaki. Lakini nilipofungua kinywa kumshukuru daktari, ilitoka pumzi tupu! Miezi ikapita. Nikabaki na mnong'ono huu mnaousikia kwenye kipaza sauti.

Ndugu zangu, nilimkasirikia Mungu! Kwaya ikisimama kuimba, mimi natoka nje.

Ndipo wanakwaya wa Getanuwas wakaja nyumbani na pikipiki. Walitaka tuni mpya ya kufungulia kanisa lao. Nikamwashiria mama awaambie hapana. Mama yangu si mtu wa kubembeleza. Akanigeukia mbele ya wageni.

"Waambie mwenyewe. Sijasikia Mungu akikukataza. Umejikataza wewe."

Nikawageukia wageni. Nikanong'ona, "Nitakuja."

Nikatunga kwa kinanda cha baba. Kule Getanuwas niliandika noti ubaoni, nikawapigia kila sauti peke yake kwa kinanda hicho. Wakikosea siwezi kuwaimbia, napiga tena, napiga tena. Besi ndio walionitesa! Mwishowe mzee mmoja wa besi akasema, "Mwalimu, tutafutie tu wimbo tunaoujua." Wenzake wakaanza kuchukua makoti.

Nilijua wakitoka mlango ule, sitatunga tena maishani. Nikamshika mzee mkono, nikamketisha mbele ya kinanda, nikaongoza kidole chake kwenye mstari wa besi. Akapiga huku akiimba. Akakosea, akarudia, akapata!

"Kumbe inashuka hapa!" akapaza sauti. "Nyie, rudini!" Akawafundisha yeye mwenyewe.

Siku ya kufungua kanisa nilisimama mbele, nikaongoza kwa mikono. Baba alikuwa amealikwa kuhubiri. Wimbo ulipokwisha akapanda mimbarini, akafungua Biblia, akanigeukia. Akasema tu, "Binti yangu, warudishe kwenye ubeti wa kwanza." Kanisa zima likasimama.

Sauti yangu haijarudi. Naiombea hata leo. Lakini kile kifungo cha kukata tamaa kimevunjika, haleluya! Sasa nawafundisha vijana wa Basotu wimbo wa mavuno, na Jumamosi lazima ukamilike.

Namshukuru Mungu, namshukuru na mama aliyekataa kunisemea. Na wewe ndugu yangu uliyenyang'anywa kile ulichokuwa ukimtumikia nacho Bwana, usingoje kirudi ndipo uanze. Mpe Yesu kilichobaki. Mtegemee leo. Inuka hapo ulipo, njoo mbele, tuombe pamoja!